Vitufe Tisa na Msiba wa Bi Siwatu

Bi Siwatu alipofariki safari hii, sikuamini mpaka nilipompigia simu Zuhura. Picha yake iliingia kwenye simu yangu alfajiri, sijamaliza hata kutawadha, na chini yake maneno machache ya tanzia kama tunavyotumiana siku hizi katika makundi ya wasapu. Lakini mtu aliyewahi kumtangaza mwanamke huyo kuwa amekufa, naye akiwa mzima anachambua ukindu uani kwake, haamini picha upesi. "Ni kweli, Mshamu," Zuhura aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. "Safari hii ni kweli." Nilikaa ukingoni mwa kitanda, miguu yangu ingali na maji, nikawa namkumbuka si kama alivyokuwa siku zake za mwisho bali kama alivyokuwa mwaka ule mmoja niliofanya kazi chini yake. Sasa arobaini yake imepita, na nimeona niuandike mwaka huo kabla wengine hawajausimulia vibaya, maana unasimuliwa sana, na mara nyingi mimi ndiye ninayechekwa.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, wanaozijua wanazijua. Inatosha kusema kwamba nilirudi Kibiti nikiwa na miaka ishirini na minne na stashahada ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuuza makava ya simu Kariakoo, bila mjomba wala mfadhili. Katika vijana tuliokaa dawati moja shule ya msingi mimi ndiye wa kwanza kushika cheti cha chuo, na sioni sababu ya kuficha jambo hilo. Leo nina ofisi yangu kando ya barabara ya Lindi, yenye kiyoyozi na watumishi wanne, na tovuti nilizozitengeneza zinasomwa mpaka Mtwara. Wateja huniuliza nilisomea wapi namna ya kufanya habari itoke kwa mtu iende kwa mtu, nami huwatajia jina la chuo kwa sababu linapendeza kutajwa. Ukweli ni kwamba chuoni nilifundishwa kutengeneza kitufe. Kazi ya kitufe nilifundishwa ndani ya chumba kilichonuka magunia ya korosho, na mwanamke ambaye wakati huo hakuweza kuiona hata kompyuta yenyewe.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, na kabla yetu kilikuwa ghala. Umoja wa wasuka mikeka ulikuwa umekipanga na kukigawa kwa ubao mwembamba: upande mmoja mimi, kompyuta yangu na feni iliyogeuza shingo nusu tu, upande wa pili Zuhura, karani wetu, na mwenyekiti wake Bi Siwatu, ambaye hakukaa kitini hata siku moja. Alikaa chini juu ya mkeka, mgongo ukutani, anasuka ukili huku akiendesha mambo ya wanawake wa kuanzia Bungu mpaka Nyamisati. Nje makonda walikuwa wakiita abiria wa Ikwiriri na Dar, na saa saba kamili Zuhura alitandika sinia moja, wali na kamba wa tui kutoka Nyamisati, au bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa kuchoma kama mwezi ulikuwa mgumu, tukala sote watatu. Nilikuwa ninavaa viatu vyenye ncha ndefu vilivyogonga sakafu kama farasi. Zuhura alikuwa akisema, "Diploma inakuja," kabla sijafika mlangoni, na Bi Siwatu, ambaye kwa umri alikuwa bibi yangu na kwa hiyo alikuwa na haki ya utani, alikuwa akiitikia, "Mume wangu huyo. Mwachie minofu."

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa moja. Wanawake wa Umoja walikuwa wamesuka tangu utotoni, na wengi wao macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Fundi aliyejulikana wilaya nzima kwa miraba yake ya zambarau alikuwa sasa anashona mikeka mitupu isiyo na rangi. Bi Siwatu alikuwa amewaandikia madaktari wa macho wa Dar es Salaam, nao walikubali kuja Kibiti kuondoa mtoto wa jicho kwa siku tatu, kwa sharti kwamba wapate majina mia moja ya wagonjwa kabla ya miezi miwili kwisha. Yasipotimia, kambi ingehamia wilaya nyingine ambayo tayari ilikuwa inaiomba, na kurudi kwetu hakuna aliyeahidi. Mimi nilichukuliwa kwa mwaka mmoja wa matazamio niijenge tovuti ya Umoja na niyapate majina hayo. Nilijibu kwamba kwa mtu wa kiwango changu hilo lilikuwa jambo la wiki moja.

Kwamba Bi Siwatu mwenyewe alikuwa haoni sikulijua mpaka nilipolisikia kupitia ule ubao. Nilikuwa nimewahi asubuhi, nimevua viatu kwa sababu ya matope, nao hawakujua kwamba nimeingia. "Bibi, hapa umeweka kijani," Zuhura alikuwa anasema polepole. "Ni mstari wa zambarau huu." Bi Siwatu akaupapasa. "Kijani kingi?" "Ukili mzima." Kisha Bi Siwatu akasema, bila kujihurumia, kama mtu anayetaja bei ya nazi: "Huyo mjukuu wetu wa diploma sijawahi kuiona sura yake. Namjua kwa viatu. Usimwambie mtu; mwenyekiti haoni, nani atamfuata?" Niligundua basi kwa nini kila tulipokula alikuwa akimchambua samaki kwa vidole taratibu hivyo, na kwa nini alihesabu ukindu kwa kidole gumba. Nilitoka nje, nikavaa viatu, nikaingia tena kwa kishindo. Toka siku hiyo majina mia yalikuwa si kazi tena. Yalikuwa macho ya mtu ninayekula naye sinia moja.

Tovuti niliijenga kwa majuma matatu na ilikuwa nzuri. Hata leo nasema ilikuwa nzuri. Juu kabisa ya kila ukurasa, kabla ya neno la kwanza, nilipanga vitufe tisa vya kusambazia habari, kila kimoja na rangi yake, kama kanga zilizoanikwa dukani. Viwili vilikuwa vya mitandao tunayoitumia. Saba vilikuwa vya mitandao ambayo Kibiti nzima hapakuwa na mtu wa kuifungua, kimojawapo cha nchi ambayo hata herufi zake sizijui, lakini niliviona kwenye tovuti za mashirika makubwa nami sikutaka tuonekane wadogo. Kando ya kila kitufe palikuwa na kihesabio cha kuonyesha watu wangapi wamekibonyeza. Wiki ya kwanza ilikwisha, vikasoma sifuri tisa mfululizo. "Mshamu," Zuhura aliniuliza akiwa anapita na birika, "hizi ndizo maksi zako za chuo?"

Bi Siwatu aliomba asomewe. Nilimketisha karibu, nikamweleza kwamba kwanza kabisa msomaji anakuta vitufe, anabonyeza, na habari inakwenda kwa wenzake.

"Amekwishaisoma?" akauliza.

"Bado, Bibi. Vitufe viko juu."

Akaendelea kusuka kidogo. "Miye kabla ya hizi simu nimealika harusi za Kibiti hii mpaka nyayo zikapasuka," akasema. Kwetu, mwaliko wa harusi ulikuwa ukibebwa na mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba, na yeye ndiye aliyekuwa akiombwa na kila mwenye shughuli. "Ukifika kwa mtu unapiga hodi, unakaa, unaletewa maji, unawasikiliza mgonjwa wao anaendeleaje. Neno lenyewe unalitoa ukiwa unainuka. Na ukilitoa unamwachia nyumba moja: weye umpelekee jirani yako fulani. Moja tu. Ukimwachia tisa hapeleki hata moja. Sasa weye unamdaka mtu mlangoni, hajakaa, hajanywa maji, unamwambia peleka. Apeleke nini?"

"Na zile sifuri, Bibi," Zuhura akaongeza kutoka upande wa pili.

"Sinia lisilo na mtu hata mmoja, nani atakaa wa kwanza?"

Nilimjibu kwamba mambo hayo yana kanuni zake za kimataifa. Naandika jibu hilo hapa kama nilivyolitamka, kwa sababu nimekwisha kulilipia.

Zilipobaki siku tisa tulikuwa na majina kumi na moja, na saba kati yake Zuhura aliyapata kwa kuuliza majirani zake. Nikaamua kuandika ukurasa mpya ambao hakuna atakayeweza kuupita. Niliupa kichwa cha Taarifa kwa Umma. Niliweka picha kubwa ya Bi Siwatu, nikaiondoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe, kwa heshima, na maandishi nikayaanza kwa kumsifu: mwenyekiti wetu mpendwa, aliyeutumikia Umoja huu kwa moyo wake wote, na kadhalika, mistari minne mizima kabla ya kufika kwa madaktari wa macho. Kisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyevigusa vitufe vyangu, nikakibonyeza mwenyewe cha wasapu na kuutuma ukurasa katika makundi matatu, likiwemo la watu wa Kibiti waishio Dar. Jambo nisilolijua, mimi mwenye cheti, ni kwamba habari ikitoka kwenye tovuti kwa kitufe haiendi yote. Inakwenda picha moja, kichwa, na maneno machache ya mwanzo, na usipovichagua wewe mwenyewe mashine inajichagulia. Ilichagua picha isiyo na rangi. Ilichagua sifa. Ikakata maneno pale pale kwenye "kwa moyo wake wote", ikaweka nukta tatu. Bando langu likaisha, nikazima simu, nikaenda kula.

Asubuhi yake nilipita kwa Bi Siwatu kumweleza jinsi nilivyojitahidi. Nje ya nyumba palikuwa na magari mawili ya abiria aina ya Noah, moja limeandikwa Bungu, na wanawake walikuwa wanateremka wakiwa wamejitanda kanga, wana sufuria, unga, mchele na mikeka ya kukalia. Wanaume wawili walimsimamisha mwendesha bodaboda wakimuuliza kaburi linachimbwa upande gani. Zuhura alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameuma kanga kicheko kisimtoke. "Vua viatu," aliniambia, "akivisikia atakujua." Nikavivua, nikajibanza nyuma yake, na yaliyofuata nikayasikia yote. Waombolezaji walikuwa wameingia uani na kilio, wakamkuta marehemu amekaa na ukindu wake miguuni.

"Nani amekufa?" Bi Siwatu akauliza.

Bibi mmoja wa Bungu, Bi Tatu, ambaye alikuwa amebeba unga kichwani, akasema, "Weye. Weye ndiye uliyekufa, Siwatu. Tumeletewa picha."

"Nimekufa lini?"

"Jana adhuhuri."

"Ndiyo maana jana sikusikia njaa." Akasogeza ukindu pembeni. "Basi kaeni. Unga mmeleta, kuni zipo, na mtu hatoki kwenye msiba wangu bila kula. Zuhura, umwambie na huyo mume wangu aliye nyuma yako avae viatu, chini kuna baridi. Nayasikia manukato yake."

Walipika. Kilio kiligeuka vicheko, na kila aliyefika amechelewa alipokelewa na marehemu kwa sahani. Nilibeba maji siku ile mpaka mabega yakaniuma, na hakuna mwanamke aliyenipita bila neno: huyu ndiye malaika wetu wa mauti, mwenye kompyuta. Lakini walipoanza kuinuka kuondoka, Bi Siwatu naye aliinuka, akashika nguzo ya upenu, akasema neno ambalo alikuwa amelificha kwa miaka miwili. "Sijafa, ila macho yangu yamekufa. Sioni. Wengi wenu mna mtu nyumbani kama mimi, mmemficha kama nilivyojificha. Madaktari wanataka majina mia, na siku zimebaki nane. Mmekula kwangu, kila mmoja anipe mzee mmoja." Kisha akaanza kuwagawia, kwa sauti zao, maana sura hazioni. "Tatu, weye nakuachia kwa dada yako. Mama Fatuma, weye kwa yule fundi cherehani." Nyumba moja kwa kila mtu, mpaka mtu wa mwisho.

Nilitegemea kufukuzwa. Jioni aliniita, akanisogezea sahani yangu ambayo alikuwa ameniwekea, akasema, "Kula. Kitufe chako kinafanya kazi, umeona? Kimejaza ua wangu. Hawa hakuna aliyewaambia sambazeni. Msiba ukimfikia mtu anajua ni wa nani, anajua afanye nini, na anajua jirani gani atamlaumu asipomwambia. Hebu kaifanye habari ya macho iwe hivyo." Mwaka mzima wa chuo haujawahi kunipa maneno yenye thamani kama hayo, na niliyapata na wali.

Usiku sikuungoja. Niliviondoa vitufe saba na vihesabio vyote. Viwili vilivyobaki, cha wasapu na cha ujumbe mfupi kwa wenye viswaswadu, simu ndogo za vibonyezo, nikavishusha chini kabisa, pale msomaji anapomaliza na kuinuka, na badala ya neno Sambaza nikaandika: Mpelekee mtu mmoja. Picha nikaichagua mwenyewe, mikono ya mwanamke inayojaribu kutia uzi kwenye sindano, na maneno ya kusafiri nayo nikayaandika kwa mkono wangu, yakianza kwa salamu: "Assalam aleikum. Nyumbani kwenu kuna mzee asiyeweza tena kutia uzi kwenye sindano? Madaktari wa macho wanakuja Kibiti. Tuma jina lake." Nikaupunguza ukurasa uzito usile bando la mtu. Kabla ya kuutoa niliutuma kwa Zuhura peke yake, nikaishika simu yake nikaangalia kilichofika, desturi ambayo wafanyakazi wangu hadi leo hawaruhusiwi kuiruka. Na kwa wale watu wa makundi matatu nilituma picha nyingine ya Bi Siwatu, yenye rangi, ameshika mwiko anacheka. Hiyo nayo ilitembea.

Majina yalianza kuja kutoka Dar, kwa vijana waliowaandikisha mama zao; walidhani fedha za dawa wanazowatumia zinatosha, kumbe mama hawawezi kusoma hata pakiti. Yakaja kutoka Bungu, kwa nyumba zile zile alizozigawa. Nyamisati mtandao uliishia gatini, wenye mashine za boti wakaupokea ujumbe pale na kuubeba kwa mdomo mpaka Mbwera, na orodha ya huko ikaturudia imeandikwa nyuma ya karatasi ya majani ya chai, majina tisa, la kumi limefutwa na kuandikwa tena kwa wino mwingine kwa sababu mwenyewe aliogopa halafu akakubali. Siku ya mwisho Zuhura alisoma jina la mia na kumi na nne kwenye simu kwa daktari, akakata, akaegemeza kichwa kwenye ule ubao. Bi Siwatu aliuliza tu, "Langu umeliweka la ngapi?" Alipoambiwa la kwanza, akasema liwekwe la mwisho.

Kwa hiyo alikuwa wa mwisho kulala kitandani siku ya tatu ya kambi, na asubuhi iliyofuata muuguzi alipomfungua bandeji tulikuwa tumesimama mbele yake, Zuhura na mimi. Alikaza jicho kwa muda. Alimtazama Zuhura akatabasamu. Kisha akaniangalia mimi kuanzia kichwani, akashuka hadi kwenye viatu, akapanda tena.

"Kumbe mfupi hivi," akasema. "Kwa vile viatu nilijua nimeolewa na twiga."

Ule mkeka wenye ukili wa kijani katikati ya zambarau alitaka kuufumua alipouona. Nilimwomba anipe ulivyo. Umetundikwa ofisini kwangu, chini ya kiyoyozi, na mteja anayekuja kuniomba vitufe kumi namwonyesha huo kwanza. Mwaka wa matazamio ulipokwisha aliniandikia barua ya sifa kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa za mtu anayefurahia kuziona, na kwa barua hiyo nilipata kazi yangu ya pili, na ya tatu. Mimi nimejijenga mwenyewe, nasema hivyo kila mahali. Lakini jiwe la msingi nililiokota uani kwake.

Alfajiri ile ya msiba wa kweli ndugu zake walitaka mimi ndiye niandike tangazo la mazishi, nami niliandika kwa uangalifu wote nilionao: picha yenye rangi, jina, mazishi baada ya alasiri. Saa mbili baadaye majibu ya Bungu yakaanza kuingia. "Mshamu, tumekuzoea." "Safari hii tuje na unga au na sahani tupu?" Mtu mmoja alituma picha ya mtu anayecheka. Nilipiga simu mbili, wakacheka zaidi. Basi niliendesha gari langu mpaka Bungu, nikaliacha barabarani, nikaingia kwa miguu. Nilipiga hodi nyumba ya kwanza, nikakaa, nikaletewa maji nikayanywa, nikasikiliza habari za korosho na za mjukuu aliyefaulu, na nilipoinuka nikalitoa neno. Nyumba ya nne ilikuwa ya Bi Tatu. Amezeeka sasa, lakini aliona vizuri aliyeingia, kwa kuwa naye alikuwa katika wale mia. Nilikunywa maji yake. Niliposimama hakuningoja.

"Umekuja kwa miguu," akasema. "Basi ni kweli."

"Ni kweli, Mama."

Aliweka mkono shavuni. Kisha akavuta kanga iliyokuwa kwenye kamba, akajitanda, akauliza, "Miye unaniachia nyumba gani?"

Nikamwonyesha ile yenye mlango wa bluu, ng'ambo ya mchungwa, naye akatoka kabla yangu.